Spika Inayovuma

Kabla ya kuwasha spika yoyote aliyoletewa, Mzee wa Spika aliiwekea kiganja kwanza. Hakuigonga wala kuitikisa kama mafundi wengine. Aliulaza mkono wazi juu ya ile karatasi nyeusi ya mviringo inayotikisika sauti inapotoka, kwa wepesi, kama mzazi anayepima homa ya mtoto, kisha akanipa ishara kwa kidevu niwashe umeme. Nikimuuliza anasikia nini, alijibu, "Ngoja. Mkono inasikia mbele, masikio inafuata."

Kiswahili hicho alikipata kwetu. Yeye alikuwa mtu wa Durban, na kabla hatujafika sisi Wakongomani, Warundi na Watanzania wachache, ujia ule wa maduka katikati ya mji ulikuwa wa vinyozi, washonaji na fundi mmoja wa saa. Sisi tulileta saluni, simu na kelele. Wengine walihama. Yeye alibaki, akajifunza lugha ya majirani wapya neno moja kwa siku, na baada ya miaka ishirini aliweza kubisha, kutania na kutukana kwa adabu. Alizaliwa wapi na watu wake ni kina nani sikuwahi kumuuliza. Katika ujia ule wengi wetu tuna sababu za kutopenda kuulizwa tulikotoka, nasi tukampa heshima hiyohiyo.

Mimi natengeneza simu, na tuligawana naye ukuta mmoja. Ndiye aliyenifundisha kushika chuma cha kulehemu bila kuunguza bodi. Somo la kwanza lilikuwa kuacha haraka. "Dada wa simu, joto iko na njia yake. Wewe ngojea tu." Nilimwita Papa, kama tunavyowaita wanaume wa umri wake kwetu Uvira. Wateja wake wa zamani walikuwa na jina jingine la kumwita, la ujana, ambalo sitaliandika hapa kwa sababu hakulipenda.

Jambo moja lilimkera kuliko yote, nalo ni mvumo. Niruhusuni nieleze kidogo, maana bila hilo hamtamwelewa. Umeme wa ukutani hautiririki kama maji ya bomba. Unakwenda mbele na kurudi nyuma, mara hamsini kila sekunde, mchana na usiku, katika nyumba zote za nchi hii. Ampli ni ile mashine inayoikuza sauti kabla haijafika kwenye spika. Waya wake wa ardhini usipofungwa vizuri, utausikia mwendo huo wa umeme ukitoka kwenye spika: mmmmm, ya chini, isiyopanda wala kushuka. Wengi wetu tumeishi nayo kanisani bila kuijali. Mzee wa Spika hakuweza. Ampli ingetoka kwake na mkwaruzo ubavuni, imekosa kitufe, imefungwa kwa skrubu za rangi tatu, lakini haikutoka ikivuma. Mchungaji mmoja alichoka kusubiri, wiki ya tatu akaja kumwambia, "Papa, Mungu anatusikia hata na hiyo mmmm."

Mzee hakuinua kichwa. "Mungu iko na uvumilivu. Mimi hapana."

Nilidhani ni maringo ya kazi. Ilinichukua miaka kujua kwamba ilikuwa toba.

Kwamba aliwahi kuwa katika bendi nililijua kwa sababu ya wageni. Walikuja mara mbili tatu kwa mwaka, watu wenye mvi na fulana nyeusi, wengine kutoka ng'ambo, wakimuulizia bwana wa Rangi Mbichi. Jina la bendi lilikuwa la Kiingereza, mimi nalitafsiri. Walikuwa wanne, miaka ya themanini, wakati sheria ilikuwa bado inawatenga watu kwa rangi, na wao hawakuwa wa rangi moja. Mwimbaji alikuwa mwanamke aliyeshona kola katika kiwanda cha mashati. Mpiga gitaa alikuwa karani bandarini. Mpiga ngoma alikaanga samaki karibu na ufukwe. Mzee wa Spika alipiga besi, gitaa la sauti nzito, na kwa kuwa ndiye aliyejua waya, ndiye aliyeunganisha kila kitu.

Muziki wenyewe unahitaji maelezo kwa sisi tuliokulia kwenye rumba, ambako gitaa kazi yake ni kubembeleza. Kwanza kulikuwa na vijana wa Ulaya waliochoshwa na muziki wa kujipamba, wakapiga gitaa kwa kasi na hasira, nyimbo za dakika mbili. Hao ni panki. Kisha wakaja wadogo zao wakajiuliza, hasira ikishapoa kinabaki nini? Wakaisogeza besi mbele, gitaa likaachwa likwaruze pembeni, na katikati wakaacha nafasi tupu, kama chumba ambacho wenyewe wamehama. Kaseti za hao wa pili zilifika Durban mikononi mwa mabaharia na wanafunzi, zikanakiliwa mpaka zikachakaa.

Kinachonivutia mimi ni kwamba mengi ya mtindo wao, ukiyafuatilia, yalitokana na kukosa. Rangi Mbichi walisifiwa kwa ngoma zao kavu, zisizo na matoazi, yale masahani ya shaba yanayolia tsaa. Wageni walisema huo ulikuwa msimamo. Mzee aliniambia kwamba ghala walilofanyia mazoezi lilipakana na nyumba ya mjane mwenye kipandauso, na mjane huyo alivumilia yote isipokuwa matoazi.

"Kwa hiyo ilikuwa heshima kwa mama wa watu," nikasema.

"Ilikuwa woga. Alikuwa na mbwa."

Mara ya kwanza kuusikia muziki wao, mgeni mmoja alituwekea kwenye simu yake. Besi ilitembea taratibu, nzito, kama watu wanaoshusha jeneza ngazini. Juu yake kulikuwa na sauti nene, huwezi kusema ni ya mwanamke au ya mwanamume, ikitamka maneno zaidi ya kuyaimba. Mama Neema, Mrundi mwenye saluni inayotazamana nasi, alisikiliza na kitana mkononi.

"Huyu iko anaimba ama anasoma barua ya korti?"

Mgeni hakujua Kiswahili, akatabasamu kwa shukrani. Mzee alicheka mpaka akatafuta kiti.

Alikuwa mwongo hodari. Jina la bendi alilieleza kwa njia tatu. Kwa mgeni mmoja, waliiba kibao cha kutahadharisha rangi mbichi wakakiweka kwenye benchi la wazungu pwani, na siku nzima hakuna mzungu aliyethubutu kukaa. Kwa mwingine, mwimbaji alipanda jukwaani mara ya kwanza na gauni lililoshika rangi ya mlango. Wa tatu alipewa zote mbili akaambiwa achague. Lakini ukimuuliza habari ya waya hakudanganya, hata kama ukweli ungemfukuza mteja. "Hii imekufa," alisema. "Enda uzike." Nilijiuliza inakuwaje mtu mmoja awe na ndimi mbili hizo. Baadaye niliona kwamba kulikuwa na swali moja kuhusu bendi ambalo wageni hawakuwahi kulifikia, na hadithi zote zile zilikuwa uzio wa kuwaweka mbali nalo.

Uzio mwingine ulikuwa ukimya wake. Karakana imejaa spika hadi dari, na hakuna wimbo. Alijaribia mashine kwa sauti yake mwenyewe, akihesabu moja mbili kwa Kizulu. Juu ya rafu ya mwisho kulikuwa na kopo la biskuti ambalo hakuna aliyelifuta vumbi, na ndani yake, aliniambia siku nilipoliegemea, kulikuwa na utepe wa kwanza wa bendi, ule mpana wa duara ambao kaseti zote zilitokana nao.

"Unausikilizaga?"

"Iko salama hapo," akajibu, kama kwamba nilikuwa nimeuliza hilo.

Miaka ya mwisho masikio yalianza kumtoka, na yalitoka kwa mpangilio, kuanzia juu. Kwanza alipoteza birika linalopiga mluzi. Kisha milio ya simu zangu. Kisha sauti za wanawake, hata Mama Neema akawa anamsalimia kwa kumpungia taulo. Mimi nilijifunza kusema naye kwa sauti ya chini, ya kifuani, na hiyo aliipata. Sauti za chini zilibaki naye. Hizo alikuwa nazo masikioni na kiganjani pia.

Halafu ikaja barua. Mtu wa ng'ambo anayetoa upya rekodi za bendi zilizosahaulika alitaka kuitoa ile ya Rangi Mbichi, akaomba utepe wa asili. Simu ya Mzee ilikuwa imezimwa siku zote, kwa hiyo kila kitu chake kilifikia kwenye simu yangu, nami nikamsomea. Mwandishi alimwaga sifa. Alisema mwendo ule wa polepole ndio uliowatenga na bendi zote za wakati wao. Mzee aliniambia nirudie. Nikarudia. Mara ya tatu alichomoa chuma cha kulehemu ukutani.

"Dada wa simu," akasema, "sisi hatukukuwa polepole."

Siku ile ya kurekodi walikuwa wameazima mashine ya kanisa. Gurudumu dogo linalovuta mpira wa kuendesha utepe lilikuwa limechakaa, linateleza. Yeye, fundi, alilizungushia plasta ya kidonda ili lishike. Lilishika. Lakini gurudumu likinenepa, kila mzunguko wake unavuta utepe zaidi, kwa hiyo utepe ulikimbia kupita kipimo, na hakuna aliyejua. Jioni alibandua plasta, wakarudisha mashine. Sasa chukueni utepe uliorekodiwa ukikimbia, mkauchezeshe kwenye mashine nyingine yenye mwendo wa kawaida. Kila kitu kitalegea. Ngoma zitapoa, na sauti zote zitashuka, mwanamke atakuwa mwanamume. Hivyo ndivyo kaseti zilivyonakiliwa na kusambaa. Wenzake walishtuka, naye akawaambia tatizo ni mashine ya kanisa.

"Na watu wakapenda," akasema. "Hapo ndipo ilikuwa mbaya. Wakapenda sana."

Maonyeshoni watu walitaka mwendo wa kaseti. Bendi ikajifunza kuzipiga nyimbo zake yenyewe kwa kuiga kosa. Besi iliweza, gitaa liliweza. Mwimbaji hakuweza, kwa sababu watu walikuja kumsikia mtu ambaye hakuwepo. Walimpigia kelele ashushe sauti. Kabla ya mwaka kwisha aliacha kuimba, akarudi kwenye kola zake, na haukupita muda mrefu akafariki kwa maradhi, akiacha mtoto mdogo wa kike.

"Kwa nini hukusema ni plasta?"

"Walikuwa wanasema mimi ndiye fundi."

Barua ile ilikaa bila jibu. Baada ya majuma kadhaa simu yangu ikalia, na nikasikia sauti nyembamba, ya haraka, ikisema Kiingereza. Nilidhani ni mtoto anayetafuta kava ya simu. Nikamwambia kwa upole, "Mtoto, mpe mama simu." Kisha sauti ikasema, "Mama yangu hayupo duniani. Mimi ni nesi, niko Pietermaritzburg. Namtafuta mzee aliyepiga besi katika bendi yake."

Alikuja Jumamosi asubuhi, mwanamke mnene mwenye viatu vya kazini na mkoba aliouweka mapajani. Tulizungumza naye Kiingereza, nami nayaandika kwa Kiswahili.

"Ile kaseti nimeisikiliza tangu utoto," akasema, "na yule anayeimba simfahamu. Mama mkubwa anasema mama yangu kila akipokea simu kwa jirani aliambiwa, mtoto, mpe mama simu." Akanitazama. Nikatazama sakafu. "Nataka kujua kama utepe wenyewe upo, na kama mama yumo."

Sauti yake ilikuwa ileile ambayo masikio ya Mzee yalikuwa yameshaiacha. Akanigeukia. "Anasema nini?"

Nikamweleza kwa Kiswahili, kwa sauti ya kifuani. Naye akanijibu kwa Kiswahili, lugha aliyoipata kwetu na ambayo sasa ilimfaa kwa kujificha. "Mwambie utepe ilioza."

"Imeoza?"

"Mwambie tu."

"Papa, wewe kwa waya hudanganyi."

"Hii si waya."

"Sasa utepe ni nini? Maharagwe?"

Mgeni alitutazama kwa zamu, akingoja. Mzee alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, na kwa Kiingereza akamwambia yote, gurudumu, plasta, uongo aliowapa wenzake, mama yake kupigiwa kelele jukwaani kwa sababu ya uongo huo. Ilichukua muda mfupi kuliko hadithi ya benchi. Nilimwona yule nesi akikaza mkono juu ya mkoba. Hakumsamehe wala kumlaani. Aliuliza swali la mtu wa wodini.

"Inatibika?"

Nilimtafsiria. Mzee akaeleza, naye alikuwa mkweli kama alivyokuwa kwa ampli zilizokufa. Mwendo wa utepe unaweza kuongezwa kwa kitufe. Shida ni kujua kiasi. Plasta ilikuwa nene vipi hakukumbuka. Angeweza kukisia kwa sikio, lakini sikio la sauti za aina hiyo hakuwa nalo tena, na yule mtoto, alimwita mtoto, hakustahili kukisiwa mama.

Kisha akageukia ukuta. Nilidhani amemaliza. Alikuwa akitazama soketi ya umeme.

"Siku ile," akaniambia polepole, "ampli yangu ilikuwa inavuma. Mwimbaji alisema. Nilikuwa na haraka, waya ya ardhini sikufunga."

Nilielewa mara moja, nanyi mtaelewa. Mvumo wa umeme ni hamsini leo na ulikuwa hamsini siku ile. Kama utepe umeulegeza, basi ongeza mwendo mpaka mvumo wa kwenye utepe ulingane na mvumo wa ukutani, na hapo kila kitu kingine kilichomo kitakuwa mahali pake, hata koo la mtu. Kosa lake la pili lilikuwa limepima la kwanza na kukihifadhi kipimo miaka yote hiyo ndani ya kopo la biskuti.

Lakini utepe wa zamani hushika unyevu ukanata, na ukiuchezesha hivyohivyo unajichubua. Unahitaji joto dogo kwa saa kadhaa. Mzee alivuka ujia akamwomba Mama Neema draya moja, ile ya kofia inayokausha nywele.

"Papa, leo unasuka nani?" Nikamrudishia swali kwa sauti ya kifuani.

"Huyu iko na miaka mingi hajakuja saluni. Weka moto ya chini."

Basi utepe ukakaa chini ya kofia, karibu na mteja mwenye vibana kichwani, na kila nusu saa Mzee alikwenda kuugeuza kama mkate. Saa saba, alipokuwa tayari kuuchukua, umeme ukakatika mtaa mzima. Mimi nina betri ya dukani, nikaitoa. Akakataa. "Betri inajitengenezea hamsini yake. Mimi nataka ile ya ukuta." Tukakaa watatu tukala viazi na samaki kwenye karatasi. Nesi alimuuliza, kupitia kwangu, kama ile hadithi ya benchi, aliyowahi kuisoma mahali, ni kweli. Akasema hapana, lakini gauni ni kweli, mlango ulikuwa wa kijani. Hapo ndipo aliponiambia nimjibu mtu wa ng'ambo: akitaka rekodi ataichukua kwa mwendo utakaopatikana leo, na kama mashabiki watakasirika, anwani ya kulalamikia ni hii hii.

Umeme ulirudi alasiri, saa tisa na kitu. Alichukua ampli nzima, nzuri, akaulegeza waya wake wa ardhini. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akiharibu kitu kwa makusudi. Chumba kikajaa mmmmm. Kisha akauweka utepe kwenye mashine yake ya kuchezeshea, akaiunganisha na ampli hiyohiyo, na chini ya mvumo wa kwanza ukaja wa pili, mzito zaidi. Milio miwili inayokaribiana hugombana, na ugomvi wake husikika kama mawimbi, wawawawa. Kadiri inavyokaribiana, mawimbi hupungua. Mzee alilaza kiganja juu ya spika. Mkono wa pili ukakishika kitufe cha mwendo. Akamtazama nesi, akampa ishara kwa kidevu, naye akauweka mkono wake kando ya wa kwake.

Wawawawa. Wa, wa, wa. Wa. Kimya kirefu, halafu moja ya mwisho, hafifu, nikaisikia kwa nyayo. Kisha hakuna. Milio miwili ilikuwa mmoja.

Alizima mvumo wa chumbani, akaurudisha utepe mwanzo kabisa, kabla ya wimbo, mahali ambapo hapakuwahi kunakiliwa kwenye kaseti. Tukasikia kiti kikiburutwa. Mtu akakohoa. Kisha sauti nyembamba, ya haraka, karibu nasi kama mtu aliyeingia mlangoni.

Nesi hakusogea. "Rudia," akasema, na kwa kitambo sikujua ni nani aliyesema, yeye au mama yake.

Mzee alikuwa anatutazama midomo, mkono bado juu ya spika. Ile sauti haikumfikia. "Anasema nini?"

"Anasema, wewe, spika yako inavuma."

"Na mimi?"

Nikasikiliza. Kijana mmoja alijibu kwa majivuno kutoka upande wa pili wa chumba kile. "Wewe unasema haivumi."

"Na yeye?"

"Anasema inavuma, anasikia. Anacheka. Wewe unasema haivumi, aimbe."

Ngoma zikaanza, kavu na za haraka, na juu yake mwanamke akaimba kwa sauti yake. Mama Neema alisimama mlangoni na kitana, na bega lake moja lilikuwa limeshaanza kucheza. Mzee wa Spika hakuangalia hayo. Aliinama karibu na spika, mdomo ukikaribia kuigusa ile karatasi nyeusi, kama anayesema na mtu mwenye usikivu mdogo kuliko wake.

"Inavuma," akasema. "Ulikuwa sawa, dada. Inavuma."